Mkono Usiofika Nane

Chuoni kwetu kila mwanafunzi wa utunzi akifika mwaka wa mwisho anapewa kazi moja isiyokwepeka: achukue vipande vya piano vya mtunzi mwingine, avipange upya vipigwe na okestra nzima. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi ya kunakili, na wengi hudhani hivyo mpaka wanapoanza. Piano ni mtu mmoja na vidole kumi. Okestra yetu ni watu zaidi ya arobaini, wenye pumzi zao, fidla zao na hasira zao, na mpangaji lazima aamue nani aseme nini, nani anyamaze, na nani apewe kitu cha kufanya ili asisinzie.

Wenye akili huchukua mtunzi aliyekwisha kufa. Marehemu hana usumbufu. Hata ukimbandika tarumbeta mahali pasipostahili, hatakupigia simu. Penseli alichagua mtunzi aliye hai, tena anayekaa mitaa miwili tu kutoka chuoni, tena ni yule tunayemwita Mstaafu, mwalimu wa piano aliyewatoa machozi hata wahadhiri wetu walipokuwa wanafunzi. Mimi napiga klarineti ya pili, kazi inayompa mtu nafasi kubwa ya kutazama wenzake, na nilimwambia wazi kwamba amejitakia.

"Vipande vyake vizuri," alisema.

"Vipande sawa. Mwenyewe je?"

"Mwenyewe simpangi."

Jina la Penseli tulimpa sisi, kwa sababu ya ile penseli aliyoichomeka kwenye nywele na kuisahau humo hata akitoka nje. Alikuwa mkubwa kuliko sote darasani. Sisi tulitoka shule moja kwa moja. Yeye alitokea kwenye mkasi. Mama yake ana duka la kushona, chumba kirefu chenye meza ya kukatia katikati na vyerehani dirishani, na Penseli ndiye aliyekuwa mkata vitambaa wa pale: sare za shule, mapazia ya ofisi, magauni ya maharusi wanaokumbuka nguo dakika za mwisho. Dada yake alipoolewa aliacha kinanda cha umeme. Penseli alikiweka mwisho wa ile meza, na jioni vyerehani vikinyamaza yeye ndipo anapoanza. Mama mtu hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mjomba.

"Huo muziki unaisha lini?" mjomba alizoea kuuliza, kama mtu anayeulizia homa.

"Mwaka huu, Mjomba."

Mwaka uliotangulia alimjibu vilevile, kisha mama yake akaugua macho na Penseli akarudi dukani kushika mkasi, mwaka ukapotea. Safari hii mjomba alikuwa amekwisha kutamka: macho ya mama hayarudi kuwa mapya, duka linataka mkataji, akikosa cheti sasa basi muziki utabaki wa jioni. Na cheti kilitegemea ile kazi. Kazi isiyopigwa jukwaani haisahihishwi, na kazi ya mtunzi aliye hai haipigwi mpaka mwenyewe akubali. Kwa hiyo maisha ya Penseli yalikuwa mikononi mwa mzee ambaye hatukuwahi kumsikia akikubali kitu.

Kijitabu chenyewe ni chembamba, vipande sita vifupi, Mstaafu alivitunga ujanani. Penseli aliona jambo ambalo sisi tuliovipiga kwenye somo la piano tangu mwaka wa kwanza hatukuliona. Kwenye piano mkono wa kawaida ukifunguka vizuri hushika vibonye vyeupe vinane, yaani nota pamoja na mwenzake wa juu mwenye jina lilelile. Hiyo ndiyo oktava, na ndiyo inayoupa muziki kifua. Katika vipande vile hapakuwa na oktava hata moja. Kila kitu kiliishia saba, na pale ambapo muziki ulitaka zaidi, nota zilivunjwa zikapigwa moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda ngazi huku ameshika ukuta.

Yeye alidhani ni upungufu, na simlaumu. Ndivyo tunavyofundishwa: mtunzi wa piano amefungwa na mikono, okestra haina mikono, kwa hiyo kazi yako wewe mpangaji ni kumfungua. Penseli alimfungua Mstaafu mpaka mwisho. Hasa kipande cha nne, kile cha polepole, alikipa oktava kamili kwa tromboni na kwa besi, yale mafidla makubwa yanayopigwa mtu akiwa amesimama. Tulipokisoma mara ya kwanza nilihisi sakafu inatetemeka chini ya kiti. Wapiga tromboni, watu ambao hawasifu kitu isipokuwa mapumziko, walitikisa vichwa kwa kuridhika, kisha wakaanza kuchora alama zao kwa kalamu ya risasi: hapa vuta pumzi, hapa usimfuate Feni. Feni ndiye kiongozi wa okestra, kijana mwembamba anayepunga mikono mpaka walio mbele wanasikia baridi. Na karatasi ambayo mpigaji amekwisha kuichora alama ni kama kiatu kilichouzoea mguu, haitoki kwake kirahisi.

Siku ya kwenda kwa Mstaafu nilimsindikiza Penseli, kwa sababu aliniomba na kwa sababu napenda kuona mambo. Sebule yake ilikuwa ndogo na piano ilikuwa kubwa, hivyo wageni tulikaa kwa ubavu. Mstaafu aliweka karatasi zetu juu ya piano akazisoma bila kubonyeza kitu, kidole kikishuka ukurasa, midomo ikitikisika. Cha kwanza aliguna. Cha pili aliguna. Cha tatu alisema, "Filimbi hapa, sawa," na Penseli akanikanyaga mguu kwa furaha. Cha nne kidole kilisimama.

"Hapa. Nani kakutuma ufungue hapa?"

"Nimejazia tu, Mwalimu. Nilidhani piano haikuweza..."

"Piano iliweza. Na mimi niliweza." Alitanua mkono wake, mrefu, wenye mishipa, akaunyanyua tuuone. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Mama, njoo mara moja."

Mkewe alikuja akijifuta maji, mwanamke mfupi mwenye uso mtulivu. Mstaafu alimshika mkono, akauweka juu ya vibonye, akavivuta vidole taratibu: gumba hapa, kidole cha mwisho pale. Mama alimwachia, kama mtu anayepimwa kwa fundi cherehani. Kidole cha mwisho kiliishia kwenye kibonye cha saba, na cha nane kikabaki peke yake, cheupe, pembeni.

"Umeona? Haufiki. Haujawahi kufika. Alikuwa mwanafunzi wangu, wenzake wanamcheka, anatoka darasani analia. Nikamtungia hivi sita ili pawe na muziki ambao haumkatai. Na wewe umekuja na matromboni, umeutengenezea mlango ambao yeye hawezi kupita."

Sikupenda kumwona mzee yule ana haki, lakini alikuwa nayo. Penseli alitazama chini.

"Mtoto amefanya kazi kubwa, Mwalimu," mkewe alisema. Alianza kumwita Mwalimu akiwa mwanafunzi na hakuacha, hata jikoni.

"Ukubwa ndio ubaya wake. Rudisha kwenye saba, vyote sita. Vinginevyo havipigwi."

Mama alisimama pale kwenye piano kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akiutazama ule ukurasa, kisha akakusanya vikombe akaondoka navyo.

Tulipofika kona ya duka lao Penseli alisema mambo kuhusu wazee wa piano ambayo sitayaandika. Ndani mama yake alikuwa anafumua gauni, akilishika karibu na macho.

"Amekataa?" mama aliuliza.

"Anataka nivipunguze."

"Basi punguza, mwanangu. Mwenye nguo ndiye anayejua inambana wapi."

Alipunguza. Ilimchukua majuma, kwa sababu kuondoa ni kazi ngumu kuliko kujaza, na lazima niseme kwamba alifanya kwa heshima, wala si kwa kinyongo. Tromboni alizipa nota fupi fupi za pembeni, besi akazipandisha, na kila mahali muziki ulipotaka kufunguka aliuacha uishie saba na kupumua. Vilikuwa vizuri, vizuri vya kukaa navyo chumbani. Mstaafu alivisoma, akaguna mara sita, akakubali. Nyumbani mjomba aliarifiwa kwamba muziki unaisha mwezi huohuo.

Mtunza karatasi wetu alikusanya karatasi za zamani na kugawa mpya, na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo ni mpigaji tu anayeweza kulifanya, na karibu kila mpigaji angelifanya. Kipande cha nne kipya kilianza sawasawa na cha zamani. Wapiga besi na tromboni walilinganisha mistari ya mwanzo, wakaona ni ileile, wakaona pia kwamba ya zamani ina alama zao zote, pumzi zao zote, na ile mpya ni tupu kama sahani iliyooshwa. Wakamrudishia mpya kana kwamba ndizo za zamani, na za zamani wakabaki nazo. Sisi wa klarineti tulikuwa na karatasi sahihi. Naomba hilo lifahamike.

Kwenye mazoezi ya mwisho, ambayo ndiyo yalikuwa ya kwanza kwa karatasi mpya, Mstaafu na mkewe walikuja kusikiliza. Walikaa safu ya tatu, yeye na fimbo yake katikati ya magoti, mama na mkoba mapajani. Penseli alikaa nyuma yao, kwenye ncha ya kiti. Vipande vitatu vilipita salama. Cha nne kilianza, fidla zikaenda kwa adabu mpaka pale muziki unapotaka kufunguka, nasi tukajiandaa kuishia saba. Ndipo besi na tromboni zilipofungua oktava yote, kwa nguvu, kwa uhakika wa watu waliojichorea alama. Fidla zilikuwa juu, ndogo na makini, na chini yake kukawa na kitu kipana kama uwanja. Hakikulingana. Lakini nilisisimka mwili, na sikuwa peke yangu.

Feni alisimamisha. "Besi, mnapiga nini?"

"Kilichoandikwa."

"Tromboni?"

"Kilichoandikwa."

Mstaafu alikuwa amekwisha kusimama. Penseli akakimbilia jukwaani. "Samahani, Mwalimu, hizo ni karatasi za zamani. Tunabadilisha sasa hivi."

"Msibadilishe," mke wa Mstaafu alisema.

Hakupaza sauti, ila ukumbi ule umejengwa kusikika. Sote tuligeuka.

"Mama, hujaelewa," Mstaafu alimwambia. "Wamekosea."

"Nimeelewa. Hivyo ndivyo ninavyousikia."

"Unavyousikia wapi?"

"Kichwani. Tangu siku uliponipa. Mkono unapiga saba, kichwa kinasikia nane. Siku zote."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungenitungia kingine kidogo zaidi."

Mtu kwenye fidla alicheka, akajifanya anakohoa. Mstaafu hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta chumba asichokijua.

"Lakini mkono wako haufiki," alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba.

Mama aliutanua mkono wake hewani, mbele yetu sote. "Haufiki. Nani amesema unafika? Ulinipima kama gauni ukakata sawasawa, wala halikunibana hata siku moja. Lakini mimi, Mwalimu, sikuja kwako kutafuta kinachonitosha."

Hapo Mstaafu akamgeukia yule aliyedhani atamweza. Alimnyooshea Penseli fimbo.

"Mimi nilikubali saba. Ukipiga hii, sijakubali."

Penseli alisimama katikati ya jukwaa na karatasi mpya za besi mkononi, alizopewa na mtunza karatasi. Kila mmoja wetu alijua hesabu yake. Akizigawa zile karatasi, cheti hiki hapa. Asipozigawa, mkasi ule kule, na mjomba mlangoni. Neno moja tu lilitosha, na wala hakuna ambaye angemlaumu. Penseli akaziweka zile karatasi sakafuni na kumtazama yule mama.

"Mama, wewe unataka kipigwe kipi?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hiki kikubwa. Hiki kimoja tu. Vile vitano mwachieni, alivitunga kwa mapenzi." Kisha akamgeukia mumewe. "Na hiki, ulinipa au uliniazima?"

Mstaafu aliishusha fimbo. "Nilikupa."

"Basi mwenye kukubali ni mimi. Nimekubali."

Mzee alirudi kwenye kiti polepole, akishika kiti cha mbele. Feni, ambaye hapendi ugomvi usiomhusu, alimuuliza kwa upole, "Kwa hiyo tunapiga kipi, Mwalimu?"

"Muulizeni mwenyewe," alisema Mstaafu, na fimbo yake ikaelekea kwa mkewe.

Mtunza karatasi akatufukulia sisi wengine karatasi za zamani kutoka kwenye sanduku, na siku ya onyesho vipande vitano vilipigwa kwa saba na kimoja kwa nane. Watu walipiga makofi kama wanavyopiga kwa wanafunzi wote. Mama yake Penseli alikuja, akakaa karibu na jukwaa kwa sababu ya macho. Mjomba alikuja pia na alisinzia cha pili, ila cha nne kilimwamsha.

Wasahihishaji walikuwa wawili kutoka chuo kingine, nao hawakuambiwa kitu, maana kazi husikilizwa bila maelezo. Penseli alifaulu. Hakufaulu kwa zile alama za juu alizostahili, na msimamizi wake alimweleza sababu kwenye korido, mbele yangu na mbele ya Mstaafu, ambaye alikuwa ameshinda pale asubuhi nzima akijifanya ana shida na ofisi.

"Wanasema vipande vitano ni kazi safi," msimamizi alisema. "Ila cha nne hakikai na wenzake. Wanasema ni kama kimetungwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa."

Penseli alifungua mdomo ajitetee. Mstaafu alimwahi.

"Hawajakosea," alisema. "Yule niliyemtungia mimi ni mwingine. Huyu wa kwangu nilikuwa simjui."

Msimamizi hakuelewa, akaaga, akaenda zake. Mzee alibaki amesimama, akikohoa bila kikohozi, akigeuza fimbo mkononi. Hakuzoea kuomba, na ilionekana. Mwishowe alimuuliza Penseli kama anaweza kukirudisha kile cha nne kwenye piano, kile kikubwa, lakini kwa watu wawili, yeye na mkewe, waliokaa piano moja bega kwa bega, ili kila mmoja awe na mikono miwili kwa nusu ya nota na oktava moja iweze kugawanywa mkono wa kushoto na wa kulia. Alikuwa amejaribu mwenyewe nyumbani, alisema, na kila akijaribu kinatoka kidogo.

"Nitakifanya, Mwalimu," Penseli alisema. "Wewe ukae upande wa chini, kwenye besi zenye zile oktava?"

"Hapana," alisema Mstaafu. "Chini akae yeye."